Picha ya kuchora au ya kupiga? Pa kwenda Nairobi ukiwa na Jumamosi moja

Mama mdogo alikuja Nairobi kutoka Tanga kwa arusi ya binamu yetu. Arusi ikaisha, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, naye akabakiwa na Jumamosi moja kabla ya basi. "Mwanangu," akaniambia, "nipeleke nikaone picha." Nikamuuliza picha gani. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji ya kunywa akaulizwa ya rangi gani.

Swali langu lilikuwa na maana, ingawa lugha yetu inalificha. Picha ni ile iliyochorwa kwa rangi juu ya turubai, picha ni ile iliyopigwa kwa kamera, na kwa wazee wengi hata filamu ni picha. Nairobi vitu hivi havikai pamoja. Ukitaka za kuchora unaelekea Barabara ya Limuru au Lavington. Ukitaka za kupiga, mara nyingi unarudi katikati ya mji. Asiyejua hilo atakula siku nzima kwenye foleni ya magari.

Sitataja onyesho la wiki hii. Nyumba hizi hubadilisha kuta zake kila baada ya wiki au miezi kadhaa, na utakapoyasoma haya huenda lililopo leo limeshashushwa. Ninachoweza kulinganisha ni nyumba zenyewe, kwa sababu tabia ya nyumba haibadiliki haraka: nani anatundika, kwa nini anatundika, na wewe mgeni unachukuliwa kama nani ukishavuka mlango.

Nyumba isiyouza na nyumba inayouza

Panda matatu ya Ruaka au Banana, pita Gigiri, pita Village Market, utafika Rosslyn. Hapo kuna nyumba mbili za sanaa ambazo kwa gari zinatenganishwa na dakika chache tu. Ukizitembelea kwa siku moja utajifunza kuliko ukisoma makala kumi kama hii.

Ya kwanza ni Nairobi Contemporary Art Institute, ambayo watu huiita NCAI. Imo ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera, na wengi hulipita wakiwa na mifuko ya mboga bila kujua kilichomo. Iliasisiwa mwaka 2020 na Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye jina lake limekwenda mbali kwa kazi anazochora juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalotwangwa na Waganda mpaka likalainika kama kitambaa. Milango ya ukumbi ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Anayekwenda akitarajia kuzikuta kazi za Armitage mwenyewe atashangaa, maana nyumba hii aliianzisha kwa ajili ya wengine, hasa waliomtangulia.

NCAI haiuzi. Hutaona bei, wala mtu wa kukukaribia na kukuuliza kama umependa. Kiingilio ni bure. Kwa mgeni huo ni wepesi, lakini faida kubwa iko kwenye kile kinachoweza kutundikwa. Mwaka 2022 walionyesha kazi za Sane Wadu. Huyu bwana alikuwa mwalimu. Alipoiacha chaki ili achore, watu wakasema kichwa kimemruka, naye akajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Kuziona kazi zake za mwanzo na za baadaye katika chumba kimoja ni jambo ambalo nyumba ya kuuza haiwezi kukupa kirahisi, kwa sababu kazi ya miaka ya 1980 iliuzwa zamani na leo iko sebuleni kwa mtu. Nyingi za kizazi hicho zilinunuliwa na wageni, wakarudi nazo kwao. Kuzikusanya tena, hata kwa miezi michache, ni kazi ya kubisha hodi nyumba baada ya nyumba.

Walikuwa pia na onyesho lililoitwa Mwili, Akili na Roho, la wachoraji wa Afrika Mashariki, ambalo lilitundikwa Ulaya kabla ya kufika hapa. Jina hilo lilinifurahisha, nikawaza: basi na maelezo ya ukutani nayo yangefuata. Katika mji huu maelezo ya ukutani karibu yote ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kile cha vitabu vya chuo. Mama mdogo hasomi Kiingereza. Aliyapuuza, akasimama mbele ya picha moja muda mrefu kunishinda mimi niliyekuwa nasoma.

Sasa toka, ingia One Off. Hii ni ya mwaka 1994, iliasisiwa na Carol Lees, na iko Rosslyn Lone Tree, ndani ya mtaa wa makazi wenye miti mikubwa. Sehemu yake moja huitwa mabanda, na kweli yalikuwa mabanda ya farasi. Nje kuna bustani yenye sanamu kwenye nyasi. Kama umekuja na watoto, au na mzee aliyechoka kusimama, bustani hiyo peke yake inatosha kukupeleka.

Hapa picha zinauzwa, na usione haya kwa hilo. Kuna karatasi ya bei, iombe. Kidoti chekundu pembeni ya jina maana yake kazi imeshachukuliwa. Watu wetu wengi huogopa nyumba za namna hii wakidhani atakayeingia bila pesa atafukuzwa. Hafukuzwi mtu. Mwenye nyumba anajua kwamba katika kila watu hamsini wanaoingia huenda mmoja atanunua, na huyo mmoja huenda ni wewe baada ya miaka kumi.

One Off inaishinda NCAI kwa upya. Kinachotundikwa mara nyingi kimetoka kwa msanii mwaka huu au uliopita. Ndiko walikoonyesha watu kama Beatrice Wanjiku, Richard Kimathi na Peterson Kamwathi. Huyu Kamwathi amechora foleni za watu kwa makaa, watu wakubwa waliosimama wakingoja, na Mkenya yeyote aliyewahi kupiga kura hahitaji kuelezwa wanangoja nini. Lakini ukiona kazi sita za msanii mmoja katika nyumba inayouza, kumbuka kwamba ni sita zilizochaguliwa zikiwa na matumaini ya kuondoka. Kazi iliyomshinda msanii mwenyewe, au kubwa mno kupita mlango wa nyumba ya mtu, au ya kutisha mno kuning'inia juu ya meza ya chakula, huioni hapo kirahisi. Hiyo ni ya NCAI.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, ninamwambiaje mtu? Kama hujawahi kuingia nyumba ya sanaa maishani mwako, anza NCAI. Hakuna wa kukutazama mfukoni, na utatoka ukijua angalau kwamba sanaa ya hapa ina babu na bibi. Kama umeshazoea na unataka kujua wanaofanya kazi leo wanawaza nini, nenda One Off moja kwa moja. Kama huna gari, NCAI ni rahisi zaidi, kwa sababu matatu inakushusha karibu; One Off utahitaji bodaboda au miguu ya kutembea, na utajiandikisha getini.

Banana, kwa wenye mfuko mdogo

Ukibaki kwenye ile matatu mpaka mwisho utafika Banana. Banana Hill Art Gallery ni ya Shine Tani na mkewe Rahab, wote wawili wasanii. Shine kabla ya kushika brashi alikuwa mwanasarakasi. Kundi lao lilianza kukutana nyumbani kwake mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa kijijini ambao hawakupitia chuo cha sanaa, wakifundishana.

Hapa usitarajie ukuta mweupe wenye picha moja katikati. Picha ni nyingi, zimekaribiana, nyingine zimeegemezwa chini. Mtu aliyezoea nyumba za Rosslyn ataona ni vurugu. Mimi naiona kama duka la vitambaa: lazima upekue. Utakuta vya kupamba hoteli, vya simba na machweo ambavyo umeviona mara mia, halafu katikati yake kitu kinachokusimamisha. Onyesho rasmi huwa lipo pia, mara nyingi la msanii mmoja au wawili, na Waganda, Watanzania na Wakongo wamepata ukuta hapo. Kuna kazi ndogo ndogo zenye bei ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzifikiria. Ukimkuta Shine mwenyewe, muulize. Atazungumza nawe Kiswahili, na hapo ndipo nyumba hii inapozipita zote nilizotaja.

Circle Art Gallery ya Lavington nitaitaja kwa haraka, kwa sababu iko upande mwingine wa mji na huwezi kuiunganisha na Banana kwa siku moja ukabaki na akili zako. Ni ya kuuza, ukumbi wake umepangwa kwa umakini kuliko nyingi, na inathubutu kuonyesha vitu vya ajabu, kwa mfano Dickens Otieno anayekata makopo ya soda vipande vyembamba na kuvifuma mpaka vinakuwa kama nguo. Tangu mwaka 2013 wamekuwa wakiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki. Kabla ya mnada kazi huonyeshwa kwa umma, na hayo ndiyo maonyesho bora kwa mtu mwenye haraka: miaka sitini ya uchoraji wa ukanda huu katika mzunguko mmoja, kila kimoja kikiwa na bei ya kukadiriwa. Msanii Shabu Mwangi ameonyeshwa na nyumba hii. Lakini nyumbani kwake hasa ni Wajukuu, kikundi alichokianzisha na wenzake katika mtaa wa Mukuru, eneo la Lunga Lunga. Mwaka 2022 Wajukuu walikwenda Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa, wakaugeuza mlango wa jumba la maonyesho kuwa njia ya mabati, wakarudi na tuzo ya Arnold Bode. Ukipata mwenyeji wa kukupeleka Mukuru, acha vyote nilivyoandika hapo juu uende.

Na za kupiga je?

Hapa ndipo nina malalamiko. Mji uliomzaa Mohamed Amin, aliyefungua Camerapix, kampuni yake ya picha, mwaka 1963 akiwa Dar es Salaam na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia. Mji uliomzaa Priya Ramrakha, aliyeuawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa na kamera mkononi. Mji huu bado unaichukulia picha ya kupiga kama ndugu mdogo wa picha ya kuchora. Nyumba za kuuza huitundika mara chache. Sababu ukiuliza ni ileile: mnunuzi haamini kwamba kitu kinachoweza kuchapwa tena kina thamani.

Mpigapicha makini analijua hilo, ndiyo maana hutangaza idadi ya nakala mapema. Ukiona pembeni pameandikwa 2/5 kwa kalamu ya risasi, maana yake ni nakala ya pili kati ya tano, na ya sita haitachapwa. Uliza idadi hiyo, uliza imechapwa kwenye karatasi gani, uliza kama kuna hati yenye sahihi. Mwuzaji asiyeweza kujibu matatu hayo anakuuzia bango.

Kuna wakati Wakenya waliziona picha za kupiga kweli kweli, na haikuwa ndani ya nyumba za sanaa za Rosslyn. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, GoDown, kituo cha sanaa kilichokuwa eneo la viwandani, kilionyesha mwaka 2008 picha zilizopigwa wakati ule. Mwaka uliofuata Boniface Mwangi alizitoa zake nje kabisa, zikasimamishwa barabarani katika miji mbalimbali chini ya jina Picha Mtaani. Muuza mahindi alisimama mbele ya picha ya mtaa wake ukiwaka moto. Hapakuwa na geti, hapakuwa na daftari la wageni.

Leo, ukitaka maonyesho ya picha za kupiga bila kuotea, anza na Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani. Ziko katikati ya mji, jirani kwa jirani, eneo la Loita na Monrovia, na kuyaona maonyesho ni bure. Kati ya hizo mbili, Alliance huwa na ukuta ulio wazi zaidi: unaingia, unazunguka, unatoka, hata ukiwa umebakiwa na nusu saa kabla ya matatu. Goethe hupenda onyesho lenye mada na mjadala, kwa hiyo angalia siku ya mazungumzo uende siku hiyo; picha zao bila maneno mara nyingine huwa nusu ya jambo. Zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba picha hukaa muda mfupi. Ukisema utakwenda wiki ijayo, umeshazikosa.

Mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo, kwenye Moi Avenue, kuna Nyaraka za Taifa, jengo ambalo kila Mkenya amewahi kumngojea mtu nje yake na wachache wameingia. Lilijengwa mwaka 1906 likiwa benki. Chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyependa vitu vya sanaa kuliko alivyopenda siasa, pamoja na picha za zamani. Si sanaa ya leo, na kiingilio kidogo unalipa, lakini kwa mtu anayetaka kujua wapigapicha wa sasa wanajibizana na nini, hapa ndipo. Ni ofisi ya serikali, basi nenda asubuhi.

Mtu ataniambia: si zote zimo kwenye simu? Nilimwonyesha mama mdogo kwenye simu yangu kazi za Thandiwe Muriu, yule mpigapicha wa Nairobi anayemvisha mwanamke kitambaa chenye maua yaleyale ya pazia lililo nyuma yake, mpaka unabaki kuona uso na miwani iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Mama mdogo ni fundi cherehani. Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena, mpaka ikawa madoa. Alikuwa anatafuta mshono. "Hapa simu inanidanganya," akasema. Kwenye simu picha ya mita mbili na picha ya kiganja ni saizi moja, na mshono hauonekani.

Kabla hujatoka nyumbani

Piga simu, au angalia kurasa zao za mtandaoni. Kati ya onyesho na onyesho kuna siku za kushusha na kutundika, na ukifika siku hiyo utakuta misumari. Iliwahi kunikuta, nyumba sitaitaja, nikiwa na wageni watatu waliovaa nguo za Jumapili; tuliishia kunywa chai. Siku ya Jumatatu nyumba nyingi hufungwa. Usiku wa ufunguzi ni mzuri kwa kumsalimia msanii na kula vitafunio, ila picha hutaziona, utaona migongo ya watu. Simu bila mwanga wa kamera kwa kawaida wanaruhusu, lakini uliza kwanza.

Siku ile na mama mdogo tuliacha mji kabisa. Tulianza NCAI asubuhi, tukala mjengoni humo, kisha tukaenda katika nyumba moja ya kuuza ambako alishika karatasi ya bei, akaisogeza mbali na macho, akaninong'oneza, "Hii bei au namba ya simu?" Ilipofika saa tisa tulikuwa Banana. Akapekua kama anavyopekua vitambaa, akatoa picha moja ndogo ya wanawake watatu wakianika nguo, akasema kamba imechorwa na mtu aliyewahi kufua. Akapatana bei mwenyewe. Nikamsisitizia aombe risiti, kwa sababu alikuwa anavuka mpaka.

Aliifunga kwa kanga mbili, akakataa isiwekwe kwenye buti, akaipakata mpaka Mombasa na kutoka Mombasa mpaka Lunga Lunga, ile ya mpakani na Tanzania. Pale afisa akaugusa ule mzigo bapa, akamuuliza ni nini.

"Picha," akasema.

"Picha gani?"

Ananiambia alicheka peke yake mpaka abiria wakageuka.